Tufani ya Mwaka 1872 katika Bagamoyo na Unguja

Jioni ya tarehe 12 Agosti 2020 ardhi ilitetemeka katika Dar es Salaam, Unguja na pwani ya Mrima. Kitovu cha tetemeko kilikuwa chini ya bahari, kusini-mashariki ya Dar es Salaam, na nguvu yake ilikaribia 6 kwa kipimo cha wataalamu. Watu waliokuwa katika nyumba za ghorofa nyingi walitoka mbio hata barabarani, wakasimama wakitazama juu. Mji haukuanguka. Lakini mtu ayajuaye majumba ya mawe ya Bagamoyo, yenye kuta nene na dari nzito, hakosi kujiuliza: je, mji ule wa kale umepata kuangushwa na zilzala?

Matetemeko makubwa ya nchi hii, yale ambayo habari zake zimeandikwa, yametokea mbali na pwani, katika mabonde ya maziwa. Lile la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910 lilikuwa na nguvu ya zaidi ya 7, nalo ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa katika Afrika. Lile la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa dogo kuliko hilo, karibu 6 tu, walakini lilipiga mahali penye watu wengi na nyumba za matofali, likaua watu 17 na kubomoa nyumba kwa maelfu. Pwani yetu imepata habari za zilzala kwa njia ya bahari pia. Tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilipopasuka chini ya bahari karibu na Sumatra, mawimbi yake yalivuka Bahari ya Hindi yote, na siku ile ile watu zaidi ya 10 walikufa katika Tanzania, wengi wao wakiogelea. Hata hivyo, kilichouangusha mji wa Bagamoyo si ardhi wala bahari. Ni upepo, nao ulikuja siku ya Jumatatu, tarehe 15 Aprili 1872, yaani mwezi wa mfunguo tano mwaka 1289 wa Hijra.

Kabla ya kuingia katika habari yenyewe yafaa tuyatazame maneno, maana walimu wengi huyachanganya, na watoto nao huyachanganya vile vile. Tetemeko ni neno letu, latokana na kutetemeka. Zilzala ni la Kiarabu, na Waislamu walijua tangu chuoni, kwa kuwa ni jina la sura katika Kurani. Dhoruba nayo ni ya Kiarabu, na asili yake ni pigo: ndiyo upepo mkali pamoja na mvua, upigao ukapita. Tufani kwa Waarabu ni gharika, kama ile ya Nuhu, lakini mabaharia wetu wamelihamisha neno hilo kutoka majini wakalitia katika upepo, wakakusudia dhoruba iliyopita kiasi, yenye kuzamisha vyombo. Kimbunga ni upepo uzungukao. Siku hizi watu wa habari za hewa wamelichukua neno hilo wakalipa maana moja tu: upepo mkubwa wa bahari unaozunguka kitovu chake, wenye upana wa maili nyingi. Kile kidogo kinachoinua vumbi na majani uwanjani watu hukiita chamchela au kisulisuli. Kwa maneno ya leo basi, msiba wa 1872 ulikuwa kimbunga. Mimi nitauita tufani, kwa sababu katika msiba ule maji na upepo vilikuja pamoja, na neno hili labeba yote mawili.

Kimbunga cha namna hii ni jambo geni kwetu. Bagamoyo iko kusini ya mstari wa ikweta kwa digrii 6 na nusu hivi. Vimbunga hupata mzunguko wake kutokana na kuzunguka kwa dunia, na karibu na ikweta nguvu hiyo ni hafifu mno, hata upepo hauwezi kujisokota vema. Kwa hiyo vingi huzaliwa mbali zaidi kusini-mashariki, navyo huishia Madagaska, Msumbiji au visiwa vya Mascarene. Wakati wa hatari kwetu, ikiwa upo, ni mwezi wa Aprili na mwanzo wa Mei, kaskazi inapokwisha na kusi haijashika bado, katikati ya masika. Tufani ya Bagamoyo ilikuja Aprili. Ile iliyoubomoa mji wa Lindi ilikuja Aprili 1952. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Zaidi ya hayo pwani hii huishi miaka mingi bila kukumbuka kwamba jambo hili lipo, na mtu asiyekumbuka hajengi kwa kujilinda.

Sasa tuutazame mji ulivyokuwa. Mwaka 1872 Bagamoyo ilikuwa mlango wa bara: pembe za ndovu zilishuka hapo kutoka Unyamwezi na Ujiji, na nguo, shanga na nyaya zilipanda. Nyumba za mawe zilikuwapo chache, za Wahindi wenye maduka na Waarabu. Nyumba nyingine zote zilikuwa za miti na udongo. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa, lakini nawaandikia na wa bara: nguzo huchimbiwa ardhini, fito hufungwa kwa kamba za kulala na za kusimama, kisha udongo hukandikwa ndani na nje hata kiambaza kikakamilika; juu huwekwa kombamoyo na pau, na mwisho huezekwa makuti. Nyumba hiyo ni baridi wakati wa jua, tena haina gharama kubwa. Kila kitu chake chapatikana karibu, na sehemu kubwa hutoka katika mti mmoja, mnazi: makuti ya paa ni yake, na kamba za usumba ni zake.

Kaskazini ya mji ilikuwapo misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Walikuwa Unguja tangu 1863, na mwaka 1868 Padre Antoine Horner na wenzake walivuka wakaanza kazi bara, katika ardhi waliyopewa kwa idhini ya Seyyid Majid. Wengi wa wakaaji wake walikuwa watoto waliokuwa watumwa: wengine walikombolewa kwa fedha katika soko la Unguja, wengine walitolewa katika majahazi yaliyokamatwa na manowari za Waingereza. Watoto hao ndio waliofyeka pori, wakapanda minazi, wakajenga. Kazi ilikuwa haijatimiza miaka miwili ilipoingia kipindupindu, ambacho katika 1869 na 1870 kiliua watu kwa maelfu Unguja na pwani. Mwaka 1871 miembe ya ile njia ndefu iendayo pwani ilipandwa. Aprili iliyofuata tufani ikafika.

Majengo ya misheni karibu yote yaliangushwa. Mjini nako nyumba zilianguka, na minazi iling'oka au kuvunjika katikati. Ng'ambo, katika Unguja, hasara ilikuwa kubwa zaidi. Kwa kadirio lililozoeleka, thuluthi mbili za mikarafuu na minazi ya kisiwa zilipotea siku moja. Bandarini, Henry Morton Stanley aliandika kwamba hakikusalimika chombo hata kimoja, si meli wala jahazi, isipokuwa meli moja iliyoitwa Abydos. Merikebu za Seyyid Barghash, aliyekuwa ametawala mwaka mmoja na nusu tu, zilizama au kutupwa pwani. Ndiyo sababu ya kuundwa kwa ile meli yake, Glasgow, iliyotengenezwa Uskoti mwaka 1878, nayo ikazamishwa bandarini humo humo kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Pemba, iliyo karibu hivyo, haikupatwa na mengi. Tufani ilikuwa na njia yake, na nje ya njia hiyo watu waliona mvua na upepo tu.

Stanley mwenyewe hakuwapo. Alikuwa njiani akirudi kutoka kwa Livingstone, naye aliingia Bagamoyo tarehe 6 Mei, wiki tatu baada ya tufani. Masika ya mwaka huo yalikuwa ya kutisha hata bara. Alipopita Simbamwene, mji wenye boma karibu na Morogoro ya leo, ambao mwaka uliotangulia aliusifu kwa kuta na minara yake, alikuta mafuriko yamechukua sehemu ya ukuta na nyumba nyingi. Vijiji vya bonde la Mkondoa navyo vilikuwa vimesombwa. Sisemi kwamba mvua zile na tufani ile ni kitu kimoja, lakini mtu wa Ukami na mtu wa Bagamoyo walikuwa wakijenga upya mwezi mmoja.

Kujenga upya kulihitaji vitu, na hapa ndipo msiba wa mnazi unapoonekana vizuri. Mnazi hauzai wala hautoi makuti mazuri ila baada ya miaka. Paa likiruka, watu huezeka tena kwa makuti ya mwaka ujao. Lakini minazi ikianguka pamoja na paa, makuti ya mwaka ujao hayapo, wala kamba, wala mafuta, wala nazi ya kuuza ili kununua mahitaji mengine. Nyumba ya maskini ilibomolewa mara mbili: mara ya kwanza nyumba yenyewe, na mara ya pili mti uliokuwa ghala ya nyumba. Mwenye nyumba ya mawe alipoteza samani na milango, pengine na dari, lakini kuta zake zilibaki.

Misheni ilielekea kwenye mawe. Kanisa la kwanza la Bagamoyo, ambalo mnara wake umesimama hata leo, ni la mwaka huo huo wa 1872. Katika mnara huo mwili wa David Livingstone ulilazwa, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuuleta pwani tarehe 24 Februari 1874. Tangu 1873 Mapadre walianza kujenga nyumba kubwa ya ghorofa. Mawe ya kazi hiyo ni matumbawe, na kiungo chake ni chokaa iliyotokana na matumbawe hayo hayo: mawe hupangwa juu ya magogo katika tanuu, huchomwa hata yakawa meupe na mepesi, kisha huachwa yanyeshewe na kupoa muda mrefu kabla ya kutumiwa. Dari hubebwa na boriti za mikandaa, nyingi zikitoka maeneo ya Rufiji, na kwa kuwa boriti haina urefu mkubwa, chumba cha pwani huwa chembamba, kwa kawaida si zaidi ya mita 3. Mtu akiingia katika nyumba ya kale akauliza kwa nini vyumba ni kama vichochoro, ajue kwamba jibu limo katika mti, si katika mapenzi ya mjenzi.

Jambo moja lastahili kufikiriwa hapa, hasa na wale wenye kusimamia majengo ya shule na makanisa. Nyumba ya mawe ni jibu kwa upepo. Uzito wake ndio nguvu yake. Lakini ardhi ikitikisika, uzito huo huo hugeuka kuwa adui, kwa sababu ukuta wa mawe yaliyounganishwa kwa chokaa haujui kupinda, hupasuka tu, na dari yake ni tani nyingi juu ya vichwa vya watu. Nyumba ya fito na udongo hufanya kinyume: upepo huivua paa, bali tetemeko huitikisa, udongo ukadondoka na miti ikabaki. Watu wa Bukoba mwaka 2016 walikutwa katika nyumba za matofali zisizofungwa vema kwa nondo. Sisi wa pwani tulijenga kwa kuogopa adui mmoja, na hatujapimwa sana na wa pili. Tena ukuta wa chokaa una adui wa tatu, naye haji kwa kishindo. Maji yakiingia juu kwa sababu paa limeachwa, hushuka ndani ya ukuta, boriti zikaoza kwenye vichwa vyake, na siku moja nyumba hulala chini bila upepo wala tetemeko. Boma la kale la Bagamoyo, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1897, liliporomoka sehemu yake baada ya mvua kubwa za miaka ya El Niño. Tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja wa Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Barghash mwaka 1883, ulianguka wakati wa ukarabati na kuua watu wawili.

Lakini habari ya tufani haiishi katika kuta. Katika vitabu vya shule twasoma merikebu zilizozama na mikarafuu iliyong'oka, na hesabu huishia hapo, kana kwamba hasara ilibaki kwa wenye merikebu na wenye mashamba. Hasara haikubaki kwao. Wenye mashamba wa Unguja wengi walikuwa wamekwisha kukopa kwa Wahindi wenye mali, na mashamba yao yamewekwa rehani. Mikarafuu ilipokuwa michache, bei ya karafuu ilipanda, na kila aliyeweza kupanda alitaka kupanda upesi. Ardhi iliyofaa zaidi ilikuwa ile ambayo tufani haikuigusa, yaani Pemba. Kabla ya 1872 karafuu nyingi zilitoka Unguja. Baada yake Pemba ilishika nafasi ya kwanza, nayo haijaiacha mpaka leo. Upepo wa siku moja ulihamisha zao kuu la nchi kutoka kisiwa kimoja hadi kingine.

Nani alipanda? Kufyeka pori la Pemba, kuchimba mashimo, kubeba miche, kuitilia maji na kuifunika kivuli, yote hayo yalikuwa kazi ya watumwa. Na kwa bahati mbaya hitaji hilo lilikuja wakati ule ule Waingereza walipokuwa wakitaka biashara ya watumwa ikomeshwe. Sir Bartle Frere alifika Unguja Januari 1873 kumtaka Barghash atie sahihi mkataba. Barghash na wakuu wa Waarabu walitoa hoja ya tufani: mashamba yameharibika, watu wamefilisika, na sasa mnataka kutuondolea mikono ya kuyafufua? Mtu wa haki atakubali kwamba hasara waliyoisema ilikuwa ya kweli. Ila katika hoja ile mtumwa ametajwa kama jembe linavyotajwa, na hilo pia ni sehemu ya historia ya msiba huu. Frere aliondoka bila sahihi. Ilipatikana kwa John Kirk tarehe 5 Juni 1873, chini ya tishio la manowari kuzingira kisiwa, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Juu ya kiwanja chake Waingereza wa misheni ya UMCA walianza kujenga kanisa lao mwishoni mwa mwaka huo, nalo Askofu Edward Steere aliliezeka kwa kuba ya saruji na vipande vya matumbawe bila boriti hata moja.

Mkataba ulifunga bahari, haukufunga nchi kavu. Watumwa waliokuwa wakipakiwa Kilwa sasa waliongozwa kwa miguu kuelekea kaskazini, nyuma ya Dar es Salaam, nyuma ya Bagamoyo, mpaka Pangani na bandari ndogo za karibu, na huko walivushwa kwa siri hadi Pemba. Frederic Elton, makamu wa konseli wa Uingereza, aliifuata pwani kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa mwishoni mwa 1873 na mwanzoni mwa 1874, akahesabu wale aliokutana nao au kupata habari zao. Katika mwezi mmoja walizidi 4,000. Safari ile ya nchi kavu ilikuwa ya majuma mengi, penye mito na mabwawa ya chumvi, na walioanguka waliachwa. Mkataba umetajwa sana kuwa sababu ya njia hiyo, na ni kweli. Lakini njia haifunguki kama mwisho wake hakuna mnunuzi. Mnunuzi alikuwa Pemba, naye alikuwa akinunua kwa sababu Aprili 1872 mikarafuu ya jirani yake ilikuwa imelala chini.

Hivyo katika miaka ileile palikuwa na makundi mawili ya watu weusi waliotoka katika bara moja, wakifanya kazi iliyozaliwa na tufani moja. Wale wa misheni walikuwa wakichoma chokaa na kubeba mawe ya nyumba zilizosimama hata leo, na kwa hao twayo majina katika vitabu vya ubatizo. Wale wengine walipita usiku, saa chache kutoka hapo, hawakuandikwa mahali. Mwalimu wa Bagamoyo awapelekaye watoto kuutazama mnara na ile njia ya miembe yuko katikati ya mambo hayo mawili, maana barabara ya kwenda Pangani yaendelea kaskazini kutoka hapo hapo.

Mwaka 1876 Barghash, akishauriwa na kushurutishwa na Kirk, alitoa tangazo la kuikataza njia ya nchi kavu. Mkarafuu hauanzi kuzaa mpaka mwaka wa tano au wa sita. Ile iliyopandwa Pemba mara tu baada ya tufani ilikuwa bado mwaka mmoja au miwili tu ianze kuchumwa.